Kwa nini Mombasa kuna kadhi wa serikali na Tanga hakuna?

Swali la msomaji wa Tanga, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Dada yangu kaolewa Mombasa, mwaka juzi alifiwa na mume, mirathi ikaenda kwa kadhi mahakamani, ikagawanywa kwa mafungu ya Qurani na karatasi ikagongwa muhuri wa serikali. Sasa baba yetu kafariki huku Tanga, tumeambiwa twende mahakama ya mwanzo na hakimu wenyewe si Muislamu. Dini moja, madhehebu moja, bahari moja, mbona huku kadhi hatuna? Wazee wanasema zamani kadhi alikuwa anahukumu kila kitu hadi wezi, ni kweli? Na nani alimnyang'anya?"

Marahaba ndugu yangu, na poleni sana na msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Mirathi yenyewe ya mzee nitaifikia mwishoni, lakini kwanza nikupe jibu la kihistoria kwa ufupi halafu nilifungue: pwani ya Tanga iliuzwa, pwani ya Mombasa ilikodishwa. Ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote hapo. Watu wengi wanadhani ni suala la Kenya kupenda Waislamu na Tanganyika kuwachukia, au Nyerere alikuwa Mkatoliki basi akaamua, na mambo yalikuwa na mizizi ya nyuma zaidi ya hapo, toka kabla Nyerere hajazaliwa.

Tuanze na hao wazee wanaosema kadhi alihukumu kila kitu. Hapana, si hivyo hasa. Ibn Battuta alipita pwani yetu mwaka 1331, akafika Mogadishu akaeleza jinsi kesi zilivyokuwa zinaendeshwa pale, na ni maelezo mazuri sana kwa sababu alikuwa mwenyewe ni mtu wa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya dini, alijua anachokiangalia. Anasema kadhi alikuwa anaketi pamoja na waziri, katibu wa sultani na maamiri wanne, watu wanaleta malalamiko yao, yale ya sheria ya dini anayaamua kadhi, yale mengine wanayaamua waziri na maamiri, na likiwa zito la kumhitaji sultani wanamwandikia, naye anajibu nyuma ya ile ile karatasi. Umeona? Miaka karibu mia saba iliyopita, mji wa Waislamu watupu, sultani Muislamu, na tayari kadhi ana mpaka wake na serikali ina wa kwake. Kwa hiyo picha ya zamani fulani ambapo dini na dola vilikuwa kitu kimoja na kadhi ndiye bosi wa wote, hiyo picha mimi kwenye historia ya pwani sijaiona.

Nikiwa nasoma habari za makadhi huwa najiuliza maswali manne tu, na ningependa na wewe uyashike maana yanasaidia kuliko kuuliza mtawala fulani alikuwa mcha Mungu kiasi gani. Nani anamteua kadhi, nani anamlipa, hukumu yake inatekelezwa na askari wa nani, na asiyeridhika anakata rufaa kwa nani. Nguvu ya dini na nguvu ya siasa zimekuwa zikihama kwenye hayo manne, na mara nyingi msikitini huoni mabadiliko yoyote, adhana ile ile, kanzu ile ile, lakini ukiangalia rufaa inaenda wapi unakuta dunia imeshapinduka.

Chukua Zanzibar ya Seyyid Said bin Sultan. Ukoo wake wa Busaidi ni Waibadhi, na kwa madhehebu hayo ya Oman kiongozi kwa asili ni imamu anayechaguliwa na maulamaa kwa elimu na uadilifu wake. Said hakuwa imamu. Ukoo wake ulikuwa umeshaacha cheo hicho kabla yake, walitawala Maskati kama watawala wa bandari na meli na biashara, na alipouondoa ukoo wa Mazrui uliokuwa unatawala Mombasa mwaka 1837 na kuhamishia makao yake Unguja, alikuja akakuta watu wa pwani ni Washafii. Sasa ana raia ambao si wa madhehebu yake na hana cheo cha dini cha kuwashika nacho, akafanya jambo la busara sana: akawa na makadhi wa aina mbili, Muibadhi kwa Waibadhi na Msunni kwa Masunni. Kadhi wa Kishafii aliyejulikana sana enzi hizo ni Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, mtu wa Barawa aliyefariki 1869, alim mkubwa na mshairi pia. Said hakumlazimisha mtu kuhama madhehebu, lakini uteuzi aliushika yeye na riziki ya kadhi ilitoka kwake, na hapo ndipo elimu iliyokuwa ikipatikana Barawa, Lamu na Hadhramaut ilipoanza kuingia kwenye daftari la ikulu.

Hilo lilikuwa na gharama, na iliyoonekana wazi ni wakati wa mwanawe Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888. Barghash alikuwa mtu wa kujenga, mabomba ya maji, meli, hata mtambo wa kuchapa vitabu vya Kiibadhi alileta Unguja. Lakini Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui, aliyetoka kwenye Uibadhi akawa Mshafii na akawa anawafundisha na wengine, huyo alimfunga jela. Alitoka jela Barghash alipofariki na Khalifa kushika kiti. Nakutajia hili kwa sababu kuna watu wanasimulia enzi za masultani kama peponi ya dini, na mimi nawaheshimu sana masultani hao kwa mengi, ila alim aliyevuka mstari alikuwa anafungwa na mtawala Muislamu mwenzake. Na kadhi akihukumu, asiyeridhika alikwenda kwa sultani mwenyewe barazani. Rufaa ilikuwa kwa mwenye bunduki toka hapo.

Halafu wakaja Wazungu, na hapa ndipo ramani inapogawanyika kwa hiyo nifuate taratibu.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakagawana. Walikubali kwamba sultani ana haki ya ukanda wa maili kumi toka ghuba ya Tunghi kule kusini mpaka Kipini, na visiwa vyake, halafu bara ya nyuma wakaikata kwa mstari unaoanzia mto Umba, pale karibu na Vanga, unapanda kuelekea Kilimanjaro. Kusini ya mstari ni sehemu ya Mjerumani, kaskazini ya Mwingereza. Tanga yenu ikaangukia kusini, na Vanga ambayo mtu wa Tanga anaweza kwenda kwa jahazi asubuhi ikaangukia kaskazini. Watu wale wale, Wadigo huku na Wadigo kule, Washirazi huku na kule, wakatenganishwa na mstari ambao hakuna hata mzee mmoja wa mji aliyeulizwa.

Mwezi Aprili 1888 sultani Khalifa akawakodishia kampuni ya Wajerumani pwani ya kusini. Wajerumani walipoanza kupandisha bendera yao kwenye miji, pwani ikawaka, Pangani, Bagamoyo, Kilwa, hiyo ndiyo vita ya Abushiri bin Salim al-Harthi, ambaye walimnyonga Pangani Desemba 1889. Na baada ya vita serikali ya Ujerumani haikutaka tena kukodi, ikataka kununua kabisa. Mwaka 1890 sultani Ali bin Said akakubali kuachia haki zake zote za pwani hiyo kwa mark milioni 4. Ameuza, kwisha. Hakubaki na bendera, hakubaki na kauli, hakukubaki mkataba unaosema raia Waislamu wa Tanga watalindwa hivi na vile. Kadhi wa Tanga toka siku hiyo alibaki kwa hisani ya gavana tu.

Kule Mombasa mambo yalikwenda tofauti. Kampuni ya Waingereza iliyokuwa imekodi pwani ilifilisika, serikali yao ikaichukua, na tarehe 14 Desemba 1895 wakasaini mkataba na sultani Hamed bin Thuwaini: Uingereza itaendesha ukanda ule kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, na pauni 6,000 nyingine zikiwa riba ya fedha pauni 200,000. Hiyo laki mbili ni stori ya kuumiza kidogo, maana ni ile ile fedha aliyolipa Mjerumani kununua pwani yenu, ilikuwa imehifadhiwa Uingereza, ikatumika kuilipa ile kampuni iondoke Mombasa. Yaani mauzo ya Tanga ndiyo yaliyolipia Mombasa. Lakini pointi kwa ajili ya swali lako ni kwamba Mombasa ilikodishwa, haikuuzwa. Ardhi kisheria ilibaki ya sultani, bendera yake nyekundu ikapepea Ngome ya Yesu mpaka 1963, na Hardinge, balozi wa Uingereza, alisimama mbele ya wazee wa Mombasa Julai 1895 akawahakikishia kwamba dini yao itaheshimiwa na kesi zao zitaendelea kuhukumiwa kwa sharia. Neno la mkoloni wengi hatuliamini na tuna sababu, lakini neno likishaandikwa kwenye mkataba na likawa msingi wa yeye mwenyewe kuwepo pale, linamfunga. Akimfuta kadhi anajiharibia hati yake ya kukaa Mombasa.

Kwa hiyo Kenya wakajenga sistimu ya mahakama za Waislamu pwani, liwali (mkuu wa mji), mudiri (mkuu mdogo chini yake) na kadhi, kila mmoja na kiwango chake. Walimheshimu kadhi na papo hapo wakawa wanampunguza, na Unguja vivyo hivyo baada ya kuwa himaya yao 1890. Mwaka 1891 walimwekea sultani waziri mkuu Mwingereza, na yeye mwenyewe akapangiwa posho ya mwaka. Mwaka 1896 Khalid bin Barghash alipokaa kwenye kiti bila ruhusa yao wakapiga jumba kwa mizinga, vita haikufika hata saa moja. Mwaka uliofuata, Aprili 1897, sultani Hamoud akatia saini amri kwamba mahakama yoyote isitambue tena utumwa. Mimi naiona ni amri ya haki na ilichelewa mno, lakini itazame pia kwa jicho la nguvu: kwa mara ya kwanza kadhi anaambiwa na serikali kwamba mlango mzima wa vitabu vyake vya fiqhi hautumiki tena kortini. Baada ya hapo milango mingine ikafuata, jinai ikaenda kwa mahakimu, biashara na madeni makubwa yakaenda, ardhi ikaenda, mpaka kadhi akabaki na ndoa, talaka, mirathi na malezi ya watoto. Haya mambo ya nyumbani ndiyo mkoloni aliyaita "dini", na sisi tumelizoea hilo mpaka tunadhani ndivyo sharia ilivyozaliwa.

Wakfu wakauundia kamisheni, Kenya mwaka 1900, Zanzibar miaka michache baadaye. Hapa niseme kidogo maana watu wanapuuza wakfu na ndiyo ilikuwa pesa ya dini. Nyumba, mashamba ya minazi, visima, mtu anaweka wakfu, mapato yanalisha msikiti na mwalimu na wanafunzi au yanalisha kizazi chake na mwisho maskini. Alim anayekula kwenye wakfu hahitaji mshahara wa mfalme. Ilipoingia kamisheni ya serikali, yenye maofisa wa serikali, hesabu zikahamia ofisini. Halafu kuna kesi moja ya mwaka 1894 kutoka India iliyofika Baraza la mfalme la London (Privy Council), korti ya mwisho ya rufaa za makoloni, majaji Waingereza waliamua kwamba wakfu wa kizazi ambao maskini wanapata mwisho kabisa si wakfu wa kweli, ni ujanja tu wa familia. Maulamaa wa kila madhehebu walipinga, na India wakatunga sheria 1913 kuitengua. Lakini huku kwetu uamuzi ule ukaendelea kufuatwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakfu wa familia moja ya Mombasa ulifika London kwa rufaa na majaji wale wakaubatilisha kwa hoja hiyo hiyo. Fikiria, vitabu vya Shafii vinasema unasihi, yaani ni wakfu halali, makadhi wa pwani wanasema unasihi, na wenye neno la mwisho juu ya sharia ni wazee wa London ambao hawaswali. Ile rufaa ndiyo niliyokwambia uiangalie.

Turudi kwenu. Mjerumani hakufuta watu wa pwani, aliwatumia sana, maliwali na maakida wake walikuwa Waswahili Waislamu na Kiswahili kikawa lugha ya ofisi, kadhi naye akabaki kama mshauri wa mambo ya Waislamu. Mwingereza alipokuja baada ya vita ya kwanza akaendelea na maliwali. Kuna mtu mmoja wa enzi hizo nampenda sana kumtaja, Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Alichukuliwa akiwa mtoto toka Manyema, Kongo, akafika pwani akiwa mtumwa, akaachwa huru, akafanya biashara, akasoma kwa bidii mpaka akawa khalifa wa tarika ya Qadiria, darsa lake likajaa watu ambao waungwana wa zamani wasingewakalisha kwenye jamvi moja, na baada ya Mjerumani kuondoka Waingereza wakamfanya liwali wa Bagamoyo. Alifariki 1931. Kwa hiyo unaona nguvu ya dini nayo ilikuwa inahama chini kwa chini, toka kwa koo kubwa za Kiarabu na mashekhe wa mjini kwenda kwa watu wa tarika, watu wa bara, waliokuwa watumwa, na mkoloni akaja kuipigia muhuri baadaye. Lamu pia, Habib Saleh na msikiti na chuo chake cha Riyadha alikuwa na nguvu ambayo hakuna gavana aliyempa.

Sasa uhuru. Kenya ilipokaribia kupata uhuru, Waarabu na Waswahili wengi wa Mombasa na Malindi walikuwa na wasiwasi, ukaja ule mwamko wa Mwambao, wengine wanataka kujitenga, wengine kurudi kwa Zanzibar. Uingereza ikamtuma James Robertson mwaka 1961 achunguze, akapendekeza ukanda uungane na Kenya lakini Waislamu wapewe uhakika wa maandishi. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta, akiwa waziri mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakabadilishana barua. Kenyatta akaahidi uhuru wa kuabudu, akaahidi kwamba mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine yatadumu kwenye ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu, akaahidi na hati za mashamba za pwani zitatambuliwa. Sultani akaachia ukanda. Ahadi ikaingia kwenye katiba ya uhuru ya Kenya. Kumbuka Shamte mwenyewe serikali yake iliondolewa na mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Zanzibar, yaani upande mmoja wa makubaliano ukatoweka, lakini maandishi yalishakuwa ya Kenya na hayakutoweka.

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961 na hakukuwa na sultani wa kujadiliana naye, alishauza miaka 71 kabla. Hakukuwa na mkodi, hakukuwa na Robertson. Mwaka 1963 serikali ikafuta machifu na ikatunga sheria mpya ya Mahakama za Mahakimu iliyoondoa mahakama zote za wenyeji, za machifu na za maliwali, ikaweka mahakama ya mwanzo moja kwa kila mtu. Kwa hiyo mahakama ya liwali wa Tanga iliondoka kwenye fagio lile lile lililowafagia machifu wa Wachaga na Wasukuma, haikulengwa peke yake. Mimi nadhani lengo la mahakama moja kwa nchi yenye makabila zaidi ya mia lilikuwa na maana, na naelewa kwa nini wengi walilifurahia. Lakini nadhani pia ilikuwa kosa kutokumwachia Muislamu mtu aliyesomea sharia wa kumhukumia sharia, kwa sababu angalia walichofanya: sharia yenyewe hawakuifuta. Mahakama ya mwanzo mpaka leo inaruhusiwa kutumia sheria ya Kiislamu kwenye mirathi na ndoa za Waislamu, na 1964 ilitungwa hata sheria ya kuwezesha hukumu za Kiislamu kuandikwa rasmi. Sharia ikabaki, aliyeondolewa ni mjuzi wake.

Na miaka mitano baadaye, 1968, jumuiya kubwa ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, ikapigwa marufuku na Bakwata ikaundwa. Hapo ndipo machungu mengi ya Waislamu wa bara yalipo na sitaki kuyapita kama hayapo, maana kupoteza kadhi na kupoteza jumuiya uliyoijenga mwenyewe ndani ya muda mfupi hivyo kunaacha kidonda, na kila baada ya hapo serikali ikigusa neno kadhi watu wanasikia kidonda hicho.

Zanzibar kwa upande wao, pamoja na mapinduzi, makadhi walibaki. Kadhi mkuu pale wakati wa mapinduzi alikuwa Sheikh Abdulla Saleh Farsy, yule aliyetafsiri Qurani kwa Kiswahili ikatoka 1969. Mwishoni mwa miaka ya sitini akahamia Kenya, akawa Kadhi Mkuu kule mpaka mwanzo wa miaka ya themanini. Alim mmoja, elimu ile ile, Unguja anaweza kuwa kadhi, Mombasa anaweza kuwa kadhi, lakini angehamia Tanga angekuwa shekhe wa darsa tu, hukumu yake haina askari wa kuitekeleza. Mwaka 1985 Zanzibar ikatunga sheria yake ya mahakama za kadhi na imeshaifanyia upya 2017, na kwa kuwa mambo hayo si ya Muungano, bara haiwahusu.

Usidhani lakini Kenya wamelala salama. Sheria yao ya urithi iliyoanza kutumika 1981 iliwaingiza na Waislamu, ikapingwa miaka mpaka ikarekebishwa 1990 wakatolewa. Mei 2010 mahakama kuu iliamua kwamba mahakama za kadhi kuwemo kwenye katiba ile ya zamani ni kinyume na usawa wa dini, makanisa mengi yakapiga kampeni katiba mpya ikataliwe kwa sababu ya kadhi miongoni mwa mambo mengine, na bado Agosti mwaka huo wapiga kura zaidi ya asilimia 66 wakaipitisha, kadhi yumo kwenye kifungu cha 170. Ila soma kile kifungu vizuri: wahusika wote wawe Waislamu na wakubali wenyewe kuhukumiwa pale. Kadhi wa Kenya leo ni mtumishi wa idara ya mahakama, analipwa na serikali, na rufaa toka kwake inakwenda kwa majaji wa mahakama kuu. Sheria inamtaka asikilize mashahidi wote sawa bila kubagua dini wala jinsia. Na wanaofungua kesi kwake wengi ni akina mama, wanadai matunzo, wanadai talaka, wanadai fungu lao ambalo kaka zao walitaka kulimeza, na hili ni la kuwajibu wale wanaodhani kadhi ni chombo cha kumkandamiza mwanamke. Mama wa Mombasa akienda kwa kadhi anapata hati yenye nguvu, mama wa Tanga akienda kwa shekhe anapata nasaha.

Bara mjadala haujaisha. CCM waliliweka suala la mahakama ya kadhi kwenye ilani ya 2005, likaibua matumaini na hofu kubwa, mwaka 2015 mswada ukafika bungeni ukaondolewa baada ya maaskofu kupinga vikali, nao Bakwata wana kadhi wao wa kuhukumu kwa hiari ya wahusika. Hajapewa nguvu za dola. Mimi msimamo wangu nausema wazi, ningependa Muislamu wa bara apate kadhi mwenye mipaka kama ya Kenya, na ningependa Wakristo wenzetu waelezwe kwa utulivu kwamba haimgusi mtu asiyekuwa Muislamu, maana hofu nyingi nilizosikia zinatokana na kudhani kadhi atakuja na jinai.

Sasa mirathi ya mzee. Msiogope mahakama ya mwanzo, na hakimu kutokuwa Muislamu hakuzuii kugawa kiislamu. Kaeni kikao cha familia, andikeni muhtasari, pendekezeni msimamizi wa mirathi mnayemwamini, na mkifungua shauri semeni toka mwanzo kabisa kwamba marehemu aliishi Kiislamu na mnaomba sheria ya Kiislamu itumike, msisubiri mtu apinge ndipo mseme. Nendeni kwa shekhe anayejua faraidh, yaani hesabu ya kugawa mirathi, awapigie mafungu kwa maandishi, mjane, watoto wa kike na wa kiume, wazazi wake kama wapo hai, na karatasi hiyo msimamizi aipeleke mahakamani, hakimu mwenye hekima huipokea kama msaada. Deni na wasia vitoke kwanza kabla ya kugawa. Msisahau pia kumwandika dada yenu wa Mombasa kwenye orodha ya warithi, kuolewa nje ya nchi hakumpunguzii fungu lake hata senti. Na kama mzee alikuwa na kiwanja au nyumba upande wa Kenya, karatasi ya Tanga peke yake haitatosha kule, hiyo sehemu itabidi ipitie mahakama za huko huko, na huko ndiko mnaweza kukutana na kadhi.